Haikuwa Mashine ya Nzioka, Mwalimu

Mwalimu Kyalo,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako hapa Kathonzweni, katika kiti ambacho mkeo, Mama Ndanu, hataki mtu akikalie. Mimi ameniruhusu kwa sababu, anasema, nimekuja kazini na si kuomboleza. Ni saa tano asubuhi. Upepo unapiga mabati, na mashine ya kusaga ya Nzioka inanguruma upande wa pili wa ua, hatua hamsini kutoka mlango wa ghala lako. Nimezihesabu.

Ulinifundisha kuanza ripoti ya maabara kwa matokeo, kisha nieleze nilivyoyafikia. Matokeo ni haya: picha zako hazikuharibiwa na mashine ya Nzioka. Ziliharibiwa na mchanga.

Unaijua desturi ya kazi yangu. Kabla ya kuchapisha habari inayosema mtu fulani alikosea, tunampigia simu asikie na ajibu. Nimewapigia mawaziri, nimewapigia wachungaji wa makanisa, na mara moja nilimpigia mwizi wa ng'ombe huko Mwingi, akajibu vizuri kuliko wote. Wewe siwezi kukupigia. Barua hii ishike nafasi ya simu. Nitakuambia nilichokipata, nilivyokipima, na ninachokusudia kukichapisha. Usiponijibu nitaandika kwamba hukupatikana, jambo ambalo kwa mara ya kwanza katika kazi yangu litakuwa kweli kabisa.

Umeondoka miezi minne sasa. Mvua ilichelewa ikaja yote kwa wiki moja, mahindi yakashindwa lakini mbaazi zikasimama. Mama Ndanu amehamia chumba kilicho karibu na jiko. Koti lako bado liko nyuma ya mlango. Nilimuuliza kama angependa nimsaidie kupanga nguo, akasema nguo hazimsumbui, kinachomsumbua ni ghala. Shuleni wamepata mwalimu mpya wa fizikia, kijana mpole kutoka Tulia, na wanafunzi wanasema anaeleza vizuri ila haogopeshi mtu. Hilo nalo nimeliandika hapa kwa sababu najua lingekufurahisha.

Jambo jingine huenda hulijui. Unga wa mazishi yako ulisagwa kwa Nzioka. Magunia mawili. Alituma ujumbe kwamba wayalete mahindi kwake, akayasaga mwenyewe tangu asubuhi, kisha siku ya mazishi akasimama nje ya ua mpaka udongo ulipomalizika kutupwa, akaondoka bila kula. Niliona haya yote. Nilikuwa na daftari mfukoni na sikuandika neno.

Turudi nyuma, kwa sababu msomaji wangu atahitaji kujua, na wewe pia unahitaji kuona nitakavyoieleza.

Miaka miwili iliyopita uliniita nije unionyeshe kitu. Nilidhani ni barua ya malalamiko kuhusu pensheni. Ukanifungulia lile ghala la mahindi lisilo na dirisha, ukawasha taa yako ndogo ya kijani, na katikati ya sakafu kulikuwa na sanduku la mbao lililojaa mchanga, limekalia tyubu tatu za magurudumu ya lori. Juu ya mchanga ulikuwa umechomeka leza, lenzi, na kioo kimoja chenye ukubwa wa kiganja. Nyuma ya kioo, juu ya mawe matatu madogo, ilikaa kengele ya chuma ya ng'ombe wa baba yako, ile uliyotoka nayo Nuu ulipohamia huku ukiwa kijana.

Ulinieleza hologramu kwa dakika kumi na sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko yale. Ulisema picha ya kawaida hukumbuka mwanga kiasi gani ulifika, lakini haikumbuki ulitoka wapi. Hologramu hukumbuka yote mawili. Mwanga wa leza hupita kwenye kioo, hugonga kengele, hurudi. Unaorudi hukutana na unaokwenda ndani ya ile dawa iliyopakwa kwenye kioo, na pale inapokutana huacha mistari myembamba mno hata darubini ya shule haiwezi kuiona. Kioo hushika mistari hiyo. Ukikisafisha kwa dawa na kukiweka juani, mistari huurudisha mwanga jinsi ulivyokuja, na kengele husimama nyuma ya kioo ingawa kengele yenyewe iko kabatini.

Kisha ukasema sharti. Kwa zile sekunde kumi za kupiga picha, hakuna kitu kinachoruhusiwa kusogea, hata kwa sehemu ndogo ya unene wa unywele. Ukanikataza kupumua kuelekea sandukuni. "Hata pumzi ni upepo, Mueni," ulisema, na nilikuwa na miaka hamsini na mbili lakini nilibana pumzi kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Picha ile ilipokauka ilikuwa na kengele, ndiyo, lakini kengele iliyokatwa na mistari mitano myeusi, mipana, imelala upande kama mistari ya punda milia. Ulikitazama kioo. Nje mashine ya Nzioka ilikuwa inasaga. Ukainua kidole.

"Umesikia? Huyo ndiye anayekula picha zangu."

Nikaandika. Makala ilitoka ukurasa wa ndani, na picha yako umeshika kengele. Mhariri akaipa kichwa cha habari kuhusu mashine ya unga inayoizuia sayansi. Ilikuwa makala ya kufurahisha wasomaji wikendi, na kwa makala kama hizo huwa hatujisumbui sana. Sikuenda kwa Nzioka. Hatua hamsini, Mwalimu. Nimewahi kusafiri siku mbili kumtafuta mtu aseme "sina la kusema", na kwa Nzioka sikuvuka ua. Niliisikia mashine nikiwa kwako nikaandika kwamba nimeisikia.

Wewe ulikuwa na dhana, na mwenye dhana anaruhusiwa kukosea. Kazi ya kuipima kabla ya kuitangaza ilikuwa yangu.

Unajua kilichofuata, ila nadhani ulikuwa unakitazama kutoka upande mmoja wa ua. Kamati ya soko ilikaa. Nzioka akaambiwa asiwashe mashine kabla ya saa nne, ili Mwalimu apate nafasi ya utafiti. Kina mama waliozoea kusaga mapema kabla ya kwenda shambani wakaanza kubeba debe hadi mashine ya chini, karibu na barabara ya kwenda mji wa Wote. Vijana sokoni wakampa jina la Adui wa Sayansi, wakamwita hivyo mbele ya watoto wake. Mliimba kwaya moja miaka kumi na minane, yeye sauti ya besi na wewe ya tenori, akahamia kanisa jingine. Hukumfuata. Ulisema, nakumbuka vizuri kwa sababu niliuliza, "Mtu akiona haya ya kosa lake mwache kwanza." Nilikubaliana nawe.

Mama yake alipofariki hukuenda kumzika.

Wiki mbili zilizopita Mama Ndanu alinipigia. "Kuja uchukue vitu vya Mwalimu kwa hii store, ama nitupe. Mimi nataka pahali pa kuweka mbaazi." Nikaja. Nilikuta sanduku kama ulivyoliacha, chupa za dawa zimeandikwa kwa mwandiko wako, vioo vitatu ambavyo havijatumika ndani ya karatasi nyeusi, na daftari.

Nimelisoma daftari lote. Sikujua uliandika kiasi kile. Ukurasa wa kwanza umeuita "Magonjwa ya Picha", na umeupanga kama kadi ya hospitali: dalili, chanzo, tiba. Picha yenye miviringo kama mbao iliyokatwa: mwanga unarukaruka ndani ya kioo chenyewe, paka rangi nyeusi ukingoni na uinamishe kioo kidogo. Vijiduara vidogo kama macho ya samaki: vumbi kwenye lenzi. Picha nyeupe kama maji ya mchele: mwanga umezidi, punguza sekunde. Picha hafifu na leza mpya: leza haijapata joto, iwashe nusu saa kabla. Kengele iliyopigwa kwa mwanga mwekundu ikatoka ya kijani: dawa imesinyaa ilipokauka, si ugonjwa, ni tabia ya dawa. Alama ya dole gumba: hapo hukuandika chanzo, uliandika tu "Mama Ndanu", kisha ukakata, ukaandika "mimi".

Kila ugonjwa uliupima. Ulibadilisha kitu kimoja, ukaacha vingine, ukaandika ulichoona. Magonjwa tisa, yote yamepona. Wa kumi ni milia myeusi juu ya kengele. Hapo umeandika chanzo bila kipimo chochote: "Mtetemo. Mashine." Na tiba: "Saa nne."

Lakini hata baada ya amri ya saa nne milia iliendelea. Vioo kumi na kimoja ulivipiga baada ya amri hiyo, kumi kati yake kabla ya saa nne, na vyote vina milia. Mara ya kwanza ukaandika, "Anaiwasha kisirisiri." Mara nyingine, "Labda inapashwa moto." Mara nyingine, "Ardhi inakumbuka mtetemo." Hili la mwisho nililisoma mara mbili kwa sababu sikuamini ni wewe. Wewe uliyemrudisha Mutindi wa darasa letu ubaoni mara tatu kwa kusema chuma kinakumbuka.

Kioo cha saba ndicho kilichonifanya nifunge daftari nitoke nje. Umeandika siku: Alhamisi ile ya mazishi ya mama yake Nzioka. Umeandika saa: saa sita mchana. Mashine haikuwashwa siku ile tangu asubuhi hadi kesho yake. Soko zima linajua, kwa sababu soko zima lilikuwa makaburini. Ulibaki nyumbani peke yako, ukapiga picha katika kimya ambacho hukuwahi kukipata, na kioo kikatoka na milia mitano, imelala upande uleule. Ukaandika: "Mtetemo. Mashine."

Sikulaumu kwa kutojua. Hili moja tu nakulaumu. Siku ile ulikuwa na jibu mkononi ukaliweka kwenye rafu pamoja na mengine.

Niliamua nitavitumia vile vioo vitatu. Mama Ndanu alisema kama nataka kucheza na sanduku nicheze, ila nimalize kabla ya mbaazi kuvunwa. Kesho yake asubuhi niliamka nikamkuta uani akinyunyiza maji kwa kikopo kabla ya kufagia, vile kila nyumba huku hufanya ili vumbi lisipande. Alipomaliza ua akaingia ghalani bila kufikiri, akanyunyiza na sanduku. Mkono ulizunguka mara tatu, polepole, kama anayebariki.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Si ni hivyo Mwalimu alitaka? Kila asubuhi. Alisema vumbi ni adui ya kioo."

Kwenye daftari lako hakuna mahali maji yametajwa. Uliandika joto, dawa, sekunde, siku, hata ulichokula. Maji hukuyaandika kwa sababu kunyunyiza si jambo. Ni asubuhi tu. Sidhani mtu wa kwingine angekosea hivi. Huko ambako vitabu vyako viliandikwa hawanyunyizi sakafu, kwa hiyo vitabu havikukuonya.

Kumbuka pia mchanga wenyewe ulitoka wapi. Hukuuchota juu. Uliwatuma vijana wachimbe chini kabisa, kwenye visima vile vya mchanga ambamo kina mama huteka maji mto ukikauka, kwa sababu huko mchanga umeoshwa na hauna udongo. Ulikuja umelowa, na kila asubuhi ukaongezewa. Kisha unawasha leza, unasubiri nusu saa ipate joto, na kwa nusu saa hiyo sehemu ya juu inakauka huku ya chini imelowa. Mchanga unaokauka hushuka. Kidogo sana, lakini wewe ndiye uliyeniambia kidogo ni kiasi gani.

Nikapima. Nilichukua kioo cha kujitazamia cha Mama Ndanu, nikakichomeka mchangani mahali pa kengele, nikakipiga kwa leza, nukta nyekundu ikaanguka ukutani. Nikaizungushia kalamu. Nikakaa nje ya mlango saa nzima kwa saa yangu. Nilipoingia nukta ilikuwa imetambaa upana wa kidole, kuelekea mlangoni, na mashine ilikuwa haijawashwa. Nikarudia kesho yake, ikatambaa upande uleule. Mlango ndio upande unaoingiza upepo, kwa hiyo ndio upande unaokauka kwanza. Milia yako yote imelala hivyo. Kitu kinachotetemeka huenda na kurudi. Chako kilikuwa kinainama polepole, na kila kilipoinama kidogo zaidi, mwanga ulijifuta sehemu fulani ya kengele na kuacha mlia.

Kioo cha kwanza nikakipiga kama wewe, mchanga umelowa, kabla ya saa nne. Milia minne.

Kisha tukaukausha mchanga. Tuliuanika kwenye turubai kando ya mbaazi za mwanzo, siku tatu, Mama Ndanu akiugeuza kwa mikono. Jirani yenu mama Syombua alisimama kwenye ua akatutazama muda mrefu.

"Mama Ndanu, hiyo unapikia nani? Ni ya ugali ama ya muthokoi?"

"Ni ya wageni," Mama Ndanu akamjibu. "Wewe nitakuita."

Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu uondoke. Nakuripotia kama ilivyokuwa. Ule uliobaki na unyevu tuliukaanga kwenye sufuria. Nikaipima nukta tena: saa nzima, ikabaki ndani ya duara la kalamu.

Kioo cha pili, mchanga mkavu, mashine imezimwa. Kengele ilitoka nzima. Nilikipeleka juani na ikasimama pale nyuma ya kioo, ya kijani kama ulivyosema itakuwa, na nilipoinamisha kichwa upande wa kushoto niliona ulimi wake wa ndani, ule uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Mama Ndanu alipitisha mkono nyuma ya kioo kuitafuta. Akarudia mara ya pili, polepole zaidi.

"Kumbe ni hii alikuwa anataka," akasema.

Kioo cha tatu nilingoja saa tano, mashine ikiwa imewaka na foleni ya wanunuzi na wasagaji imejaa. Mchanga uleule mkavu, sekunde zilezile kumi. Picha ilitoka. Haina mlia hata mmoja. Ni hafifu kidogo kuliko ya pili, na hili nitaliandika pia, kwa sababu mashine hutikisa ardhi, haikuwa uongo. Lakini tyubu zako tatu zilikuwa zinalibeba sanduku vizuri. Ulitengeneza kinga nzuri dhidi ya Nzioka na hukuiamini.

Najua utakachosema: vioo vitatu ni vichache, na ukosefu wa milia mara mbili si ushahidi wa kutosha. Ungeninyima alama. Lakini ongeza nukta ya ukutani, na uongeze kioo cha saba. Mimi nimewahi kuchapisha kwa ushahidi mdogo kuliko huu. Niliwahi kuchapisha kwa kidole chako tu.

Jioni ile Mama Ndanu alikaa na vile vioo viwili visivyo na milia mapajani. Akasema, "Basi ni mimi. Maji ni mimi nilikuwa nanyunyiza." Nilimwambia aliyeagiza ni wewe na aliyetangaza ni mimi, na yeye alikuwa anafagia nyumba yake. Baadaye akaniomba nisiandike. Alisema umekufa juzi, wanafunzi wako bado wanaleta sukari hapa nyumbani wakisema Mwalimu alikuwa hakosei, na kuna ubaya gani kuwaacha waseme. Alisema Nzioka amezoea. Kisha akajisikia mwenyewe alichosema, akaenda kulala bila kula.

Sikumbishia. Ningeweza kumwambia kwamba gazeti lina kanuni ya marekebisho, lakini kanuni si kitu cha kumwambia mjane anayekupikia. Nilikuwa tayari kuchapisha hata kama angekataa, na sikupenda kuwa tayari hivyo.

Asubuhi hakunyunyiza ua. Alivaa gauni la kanisani, akafunga kioo cha tatu kwa kitambaa, akasema, "Twende."

Tukavuka hatua hamsini.

Foleni ilikuwa na wanawake kama kumi. Nzioka alikuwa juu ya ngazi anamimina mahindi, mweupe wa unga hadi kope. Alituona akaendelea kumimina. Mama mmoja mbele ya foleni akapaza sauti, "Nzioka, zima hiyo kitu, umepata wageni." Akazima. Kila mtu akageuka.

"Mwandishi," akaniambia. "Umekuja kusikia vizuri? Safari ya kwanza ulisikilizia huko."

Nikasema ndiyo, nimekuja kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini Mama Ndanu alinitangulia. Akafungua kitambaa, akasogea mlangoni penye jua, akakishika kioo. "Hii tumepiga jana hapa ikisaga. Angalia kama iko na laini nyeusi." Nzioka akashuka, akafuta mikono kwenye aproni, akatazama. Wanawake wakasogea. Mmoja akauliza kengele iko wapi, akaambiwa iko nyumbani, akasema huo ni uongo wa mchana.

"Ilikuwa ni mchanga," Mama Ndanu akasema. "Ulikuwa na maji, na maji ni mimi niliweka. Mwalimu alikosea. Tulikukosea."

Nzioka alikichukua kioo, akakigeuza. "Mimi nililala na hii mashine ukuta mmoja miaka ishirini," akasema. "Kikombe cha chai naweka juu ya dirisha. Hakijawahi anguka. Ningeulizwa ningesema."

Nikamwambia nitaandika hivyo, kwa maneno yake, na kwamba kosa la kwanza nitakaloandika ni langu la kutomuuliza. Nitaandika na kuhusu saa nne. Mwenyekiti wa kamati ya soko nimempigia tayari, amesema awashe saa anayotaka.

"Sawa," akasema Nzioka. "Hiyo ni ya mashine." Akamrudishia Mama Ndanu kioo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, lakini foleni yote ilisikia, "Na mwaitu?"

Yaani, mama yangu je? Marekebisho yanaweza kurudisha jina la mashine. Hayawezi kumleta mtu kwenye mazishi yaliyokwisha. Mama yule, unakumbuka, ndiye aliyekupokea ulipofika hapa ukitoka Nuu na kengele yako na begi moja. Mama Ndanu ameniambia ulikula kwake muhula mzima kabla ya mshahara wako kuanza. Nzioka hakulitaja hilo. Alipanda ngazi akawasha mashine.

Kwa hiyo hivi ndivyo nitakavyofanya. Makala iko tayari, itakuwa na jina lako na langu, na nitaeleza magonjwa tisa uliyoyaponya kabla ya kueleza wa kumi, kwa sababu hiyo pia ni kweli. Daftari nampelekea yule kijana wa fizikia. Nimeongeza mstari mmoja kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya rangi nyingine ili ijulikane si wewe: mchanga ukaushwe, usinyunyizwe.

Jumamosi mimi na Mama Ndanu tutakwenda nyumbani kwa Nzioka na kikapu, kama watu waendao kutoa pole, ingawa ni mwaka mzima umepita na watu watatushangaa. Nimemtumia ujumbe kuuliza kama atatupokea. Amejibu neno moja: njooni.

Basi kwaheri, Mwalimu wangu. Sina hasira nawe, na yote niliyotumia kukupata na kosa ulinipa wewe. Tukifika kwenye kaburi la mama yake nitasimama mahali ambapo ungesimama, na nikiulizwa kwa nini hukuja Alhamisi ile sitasema ulikuwa mgonjwa. Nitasema ulikuwa ghalani, hatua hamsini kutoka kwa Nzioka, na kwamba ulikuwa mzima.

Mwanafunzi wako,
Mueni